Nimpeleke Bondia Asiye na Huruma?

Mzee wangu Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa ngumi hapa Mtwara mjini, kata ya Chikongola. Tunafanyia mazoezi katika ua wa nyumba aliyoiacha marehemu baba yangu: magunia mawili yaliyojazwa nguo chakavu na maranda yananing'inia kwenye mwembe, na ulingo tumeuchora chini kwa chokaa kwa sababu kamba hatuna. Vijana wangu ni kumi na mmoja, lakini nakuandikia kwa ajili ya wawili tu, ambao nitawaita Mkubwa na Mdogo ingawa wanapishana mwaka mmoja. Wa kwanza ana miaka 20 na wa pili ana miaka 19.

Mkubwa haogopi kitu. Siku ya pambano wenzake huenda msalani mara tatu, yeye hujinyoosha kwenye benchi akalala. Daktari aliyempima kabla ya pambano lake la mwisho la ridhaa alishangaa kukuta mapigo ya moyo yako chini kama ya mtu aliyekaa barazani kwake. Tatizo ni kwamba hata refa akisema waachane, yeye hupiga. Mwezi wa Machi nilimpanga afanye sparingi, yaani pambano la mazoezi, na mtoto wa miaka 15, nikamwambia atumie nusu ya nguvu zake, akampasua mdomo. Nilipokuwa namsukutuisha yule mtoto kwa maji ya chumvi, Mkubwa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akala muhogo wake wa kuchoma mpaka ukaisha, kisha akaniuliza sasa ni zamu ya nani. Msimu wa korosho uliopita alichukua fedha za mwenzake waliyekuwa wakibeba naye magunia ghalani. Nilipomuuliza hakukana wala hakuomba radhi, alisema tu kwamba mwenyewe hakuzificha vizuri. Amelelewa na baba wa kambo aliyekuwa akimchapa kwa waya wa umeme. Sasa amepanga chumba peke yake, na kila Ijumaa huenda Mikindani kumpelekea bibi yake samaki.

Mdogo ni kinyume chake. Huogopa, na huniambia bila aibu kwamba anaogopa, ila mkono wake wa kushoto sijauona kwa kijana mwingine yeyote niliyemfundisha. Wiki tatu zilizopita alimpiga mwenzake chini ya mbavu, upande wa ini. Kiwiko cha yule kijana kikashuka, kinywa kikaachama, kidevu kikabaki wazi. Mdogo, badala ya kumaliza kazi, alishusha mikono akamuuliza, "Umeumia, kaka?" Nilimkemea mbele ya wote, nikamwambia ulingoni si msibani.

Sasa promota kutoka Dar es Salaam anataka kijana mmoja kwa pambano la utangulizi la ngumi za kulipwa mwishoni mwa Septemba. Ameahidi shilingi 600,000 za bondia na jozi nne za glavu kwa ajili ya vijana wangu wote. Ameona video ya Mkubwa kwenye simu, akasema, "Huyu ana roho ya chuma, atafika mbali." Nami nimesikiliza mtandaoni mtu akieleza kwamba mabingwa wengi wa ngumi ni saikopathi, na kwamba kukosa huruma na kukosa woga ndiko kunakowapa mikanda. Vijana wangu humtaja sana Hassan Mwakinyo, mtoto wa Tanga, aliyekwenda Birmingham Septemba 2018 akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili. Nami nina hamu ya kusikia kijana wa kusini akitajwa hivyo.

Naomba unieleze kama maneno ya mtu yule ni ya kweli, kama Mkubwa ni saikopathi na nimpeleke kwa sababu hiyo, na jinsi ya kuiua huruma ya Mdogo. Mwalimu wangu aliniulia yangu. Niliacha ngumi mwaka 2009, baada ya pambano moja la Masasi ambalo sipendi kulizungumzia.

Kocha, Chikongola, Mtwara.

*

Marahaba, mwanangu Kocha.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma polepole, kwa sababu kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya uuguzi katika wodi za wagonjwa wa akili, na neno ulilolitumia kwa kijana wa miaka 20 ni neno zito ambalo likishamshika mtu haling'oki. Jibu langu nakupa kwanza ili usome mengine ukiwa umeshalijua: Mkubwa usimpeleke Dar es Salaam mwezi wa Septemba, na huruma ya Mdogo usiiguse.

Saikopathi si jina la kila mtu mkatili. Daktari wa Marekani aitwaye Hervey Cleckley ndiye aliyewaeleza watu hawa kwa kina mwaka 1941: watu wenye akili timamu, wacheshi, wanaozungumza vizuri, ambao ndani yao hamna majuto, hamna haya, wala hamna pendo linalodumu kwa mtu yeyote. Baadaye Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, alitengeneza kipimo chenye vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0, 1 au 2, hivi kwamba jumla ya juu kabisa ni 40, na kwa desturi ya Marekani na Kanada anayefikisha 30 ndiye huhesabiwa kuwa saikopathi. Kipimo hicho hakifanywi kwa kumtazama mtu akila muhogo. Hufanywa na mtaalamu aliyefundishwa, kwa mahojiano marefu na kwa kupekua kumbukumbu za maisha yote ya mhusika, na wanaofikia kiwango hicho hukadiriwa kuwa kama mtu 1 kati ya watu wazima 100, ingawa magerezani ni wengi zaidi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mimi siwezi kumpima Mkubwa kwa barua, wewe huwezi kumpima uani kwako, na yule wa mtandaoni hawezi kuwapima mabingwa ambao hajawahi hata kukaa nao chumba kimoja.

Hata hivyo swali lako lina maana, kwa sababu katika hicho kinachoitwa saikopathi kuna kitu ambacho bondia anakihitaji. Mwaka 2009 Christopher Patrick na wenzake walipendekeza kwamba hali hii ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi tatu. Uzi wa kwanza ni uthubutu, yaani utulivu mbele ya hatari na kurudi upesi katika hali ya kawaida baada ya mshtuko. Wa pili ni ubaridi wa moyo, yaani maumivu ya mwingine kutokukugusa. Wa tatu ni kukosa breki, yaani kutenda kabla ya kufikiri na kushindwa kujizuia hata pale kujizuia kunapokuwa na faida kwako mwenyewe. Nyuzi hizi zinaweza kukaa kila mmoja mahali pake. Wapo wavuvi wa Msimbati wenye uthubutu wa kupita kiasi ambao hulia kama watoto wanapomzika rafiki, na wapo watu baridi wa moyo ambao ni waoga. Mtu wa mtandaoni aliona uzi wa kwanza, ambao kweli humfaa bondia, akakuuzia kamba nzima.

Tuuchukue huo wa kwanza basi, maana ndio unaokuvutia kwa Mkubwa. Mapigo ya moyo yaliyo chini hayathibitishi lolote, kwa kuwa kijana yeyote anayekimbia kila alfajiri moyo wake hujifunza kupiga taratibu. Usingizi wa kwenye benchi unasema zaidi kidogo. Lakini je, kutokuogopa ni faida kila wakati? Mwaka 1957 mtafiti wa Marekani, David Lykken, aliwapa watu kazi ya kutafuta njia kwa kubonyeza vitufe, ambapo baadhi ya makosa yalifuatwa na shoti ndogo ya umeme. Watu wa kawaida walijifunza upesi kuvikwepa vitufe vya shoti, ilhali wale wenye tabia za kisaikopathi walivikwepa kwa shida zaidi, ingawa kazi yenyewe waliijifunza sawasawa na wenzao. Akili hawakupungukiwa. Walipungukiwa ile hofu ndogo inayomwambia mtu, "Hapa nilishaumia."

Wewe ni mwalimu, fikiri maana yake kwa mtu anayelipwa ili asipigwe. Kila bondia hujifunza kuinua mkono wa kulia karibu na shavu kwa sababu siku moja aliusahau akapata konde ambalo hakuliona likija. Asiyeogopa kupigwa hulipata konde hilohilo leo, kesho na mwakani, na kwa kuwa haonyeshi maumivu tunamsifu kwamba ana kidevu kigumu, mpaka ifike siku ambayo fuvu lake limeshachoka. Cus D'Amato, mwalimu aliyemlea Mike Tyson, alikuwa akiwafundisha vijana wake kwamba woga ni kama moto: ukiutawala unakupikia na kukupa joto, ukikushinda unakuunguzia nyumba. Tyson huyo, aliyeuchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa juu tarehe 22 Novemba 1986 akiwa na miaka 20, na ambaye wapinzani wake walimwona kama mtu asiye na damu mwilini, amekiri hadharani mara nyingi kwamba alikuwa akiogopa kabla ya mapambano yake. Kwa hiyo Mdogo anapokuja kukuambia anaogopa, anakuletea kuni za kupikia. Usimfukuze nazo.

Uzi wa tatu ndio unaonitia wasiwasi kuhusu Mkubwa kuliko hata ule muhogo. Mwaka 1987 Joseph Newman na wenzake walifanya jaribio gerezani kwa kutumia karata. Mchezaji alifunua karata moja moja, akipata fedha kidogo kwa karata nzuri na kupoteza kwa mbaya, na alikuwa na hiari ya kuacha wakati wowote. Mwanzoni karata 9 kati ya 10 zilikuwa za kushinda, kisha kila baada ya karata kumi nafasi ilipungua, mpaka mwishoni zote zikawa za kupoteza. Wafungwa wa kawaida waliona mambo yanageuka wakaacha wakiwa bado na kitu mkononi. Wale waliopimwa kuwa saikopathi waliendelea kufunua, kwa kuwa walishaonja utamu wa mwanzo na macho yao yalikwama pale. Hivyo ndivyo Mkubwa anavyopiga baada ya refa kusema waachane: ameshaona shabaha, na neno la refa halimfikii.

Ngumi za kulipwa hazimsamehei mtu wa namna hiyo. Kwanza huonywa, halafu hukatwa pointi, halafu hutolewa ulingoni, na jina lake likishachafuka mapromota wanaomwita leo "roho ya chuma" hawapokei tena simu zake. Sisemi Tyson ni saikopathi, sina haki hiyo. Lakini tarehe 28 Juni 1997, alipokosa breki akamng'ata Evander Holyfield masikio, alitolewa katika raundi ya tatu, akanyang'anywa leseni na kutozwa faini ya dola milioni 3. Na usisahau hasara ya hapo uani kwako. Mtoto wa miaka 15 aliyepasuliwa mdomo amerudi mazoezini? Hukuniambia. Bondia hunolewa na wenzake, na akishawaumiza wote atabaki na gunia la maranda, ambalo halirudishi konde.

Sasa nije kwa Mdogo, ambaye naona umemkosea, ingawa najua hukukusudia.

Umenieleza kiwiko kikishuka, kinywa kikiachama, kidevu kikibaki wazi. Umevieleza vizuri kwa sababu na wewe uliviona, lakini Mdogo aliviona kabla yako, tena akiwa katikati ya jasho na makonde. Mwaka 2008 Abigail Marsh na James Blair walizikusanya pamoja tafiti nyingi zilizopima jinsi watu wakatili na wavunja sheria wanavyozitambua nyuso za wengine, wakakuta kwamba watu hao hukosea hasa wanapoutazama uso wenye hofu. Saikopathi anaweza kuzisoma fikra zako na kukulaghai, lakini hofu ikipita usoni mwako inaweza kumpita bila kuiona. Huko ndiko tofauti ya vijana wako wawili ilipo, Kocha. Bondia huishi kwa kusoma mwili wa mwenzake: pumzi inapokatika, goti linapolegea, jicho linapoanza kuutafuta mlango. Anayeyaona hayo mapema hujua wakati wa kusogea, na jicho linaloyaona ndilo hilohilo lililomfanya Mdogo aulize, "Umeumia, kaka?" Mwalimu wako aliiona huruma kama kutu juu ya panga. Mimi nakuambia ni sehemu ya makali yenyewe, na ukiikwangua utabaki na kijana mwenye mkono mzuri wa kushoto asiyejua aupeleke lini.

Wala usidhani mwenye majuto hashindi. Tarehe 24 Machi 1962, mjini New York, Emile Griffith alimpiga Benny Paret katika raundi ya 12 akiwa amenaswa kwenye kona, refa akachelewa kuingilia, na Paret akafariki tarehe 3 Aprili. Griffith aliteswa na ndoto za usiku ule kwa miaka mingi, na mwenyewe alisema kwamba tangu hapo alikuwa akizuia makonde yake ili asimuue mtu mwingine. Lakini mtu huyohuyo, akiwa na mzigo huo kifuani, aliuchukua ubingwa wa dunia wa uzito wa kati mwaka 1966 na kuendelea kupigana mpaka mwaka 1977. Mzigo ule ulimpunguzia makonde, sitakuficha. Haukumzuia kuwa bingwa.

Wewe ni mtu wa Mtwara, umeyaona mapiko, vile vinyago vya ngoma ya Wamakonde, tangu utotoni. Anayecheza lipiko huvaa uso wa mti wenye meno na macho makali, akatetemesha mwili mpaka watoto wakakimbilia nyuma ya mama zao. Ngoma ikiisha uso unavuliwa, na mtu aliyekuwa ndani anarudi kwake kula ugali wa muhogo na wanawe. Ukali wa bondia ni wa namna hiyo, ni wa kuvaa. Kwa saikopathi wa kweli mambo yamegeuzwa, kwa maana uso wa kuvaa ni ule wa ucheshi na ukarimu, na ukishavuliwa kinachobaki ni baridi. Mfundishe Mdogo kuvaa na kuvua, maana mpaka sasa hajafundishwa na mtu.

Anza kwa kumweleza kazi ya kila mtu ulingoni. Kosa lake siku ile halikuwa kumhurumia mwenzake, lilikuwa kujipa kazi ya refa. Katika mazoezi yenu vaa filimbi shingoni, na sharti liwe moja: anapiga mpaka filimbi ilie, na ikishalia yuko huru kwenda kumshika mwenzake bega na kumuuliza anachotaka. Mweleze pia jambo ambalo vijana hawaambiwi, kwamba mpinzani aliyeachwa apumue kisha akapigwa kichwani kwa raundi sita nyingine huumia ubongo zaidi kuliko aliyemalizwa mapema kwa konde safi la mwilini. Kwa mkono ule wa kushoto, kumaliza upesi chini ya mbavu ni namna yake ya kumhurumia mtu. Na wewe mwahidi mbele ya wenzake, kwa sauti, kwamba taulo lako litaingia ulingoni mapema akizidiwa, na kwamba ukimwona mpinzani amezidiwa na refa amelala, utapiga kelele. Kijana anayejua kuna watu wazima wanaoangalia hatajibebesha ulinzi wote peke yake. Halafu umwombe radhi kwa yale maneno ya msibani, mbele ya walewale waliomsikia akikemewa.

Kwa Mkubwa, kwanza kabisa asicheze tena na mtoto wa chini ya miaka 18. Hilo halina mjadala, na siku ile kosa lilikuwa lako kabla ya kuwa lake. Pili, usimfukuze. Kuna sentensi mbili uliziandika kwa kupita tu, ya waya wa umeme na ya samaki wa bibi. Mtoto aliyechapwa kwa waya miaka mingi hujifunza kuzima taa za ndani ili maumivu yasimkute nyumbani, na ganzi ya namna hiyo kwa nje hufanana sana na ubaridi wa saikopathi, ilhali chanzo chake ni kingine na tiba yake ni nyingine. Samaki wa kila Ijumaa si ushahidi kamili, kwa sababu mtu anaweza kupeleka samaki kwa sababu zake. Lakini kama hakuna urithi anaouvizia, na bado anakwenda hadi Mikindani kila wiki bila kusukumwa, basi kuna mtu mmoja duniani ambaye njaa yake Mkubwa anaijali. Nenda naye Ijumaa moja. Usiulize kitu, kaa tu uone anavyozungumza na yule bibi.

Ningependa pia ujue kama amewahi kuzimia kwa konde, au kama hasira na wizi vilianza baada ya kuanza ngumi, kwa kuwa makonde ya kichwa huweza kumbadilisha mtu tabia. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, uulizie huduma ya afya ya akili, na umwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri; usiende na neno saikopathi mdomoni, eleza tu ulichokiona kwa macho. Na zile fedha za korosho azirudishe. Hata kama hajuti, azirudishe, kidogo kidogo mpaka ziishe.

Mazoezini mtengenezee breki. Katika lile jaribio la karata kuna sehemu ambayo sijakueleza bado: wale wafungwa walipolazimishwa kungoja sekunde 5 baada ya kila karata, huku matokeo yao yako mbele ya macho yao, waliacha kwa wakati kama watu wengine. Kwa hiyo kila baada ya makonde matatu Mkubwa apige hatua mbili nyuma, ahesabu mpaka tano ndipo arudi. Katika ile dakika moja kati ya raundi, usimpe maelekezo kabla hajakutajia kwa kinywa chake amepigwa mara ngapi na wapi. Kila anapopiga baada ya filimbi, mazoezi yake ya siku hiyo yameisha, bila kelele na bila matusi. Na kila raundi anayoimaliza bila kuvunja amri, mpe anachokipenda, hata kama ni zamu ya kwanza kwenye gunia zuri. Kumpiga usithubutu. Walishajaribu kabla yako kwa waya, na umeona walichokipata.

Kuhusu promota, mwambie ukweli: Mkubwa bado hajamudu kusimama refa anaposema, na kumpandisha katika ngumi za kulipwa, ambako kinga ya kichwa hakuna na glavu ni za aunsi 8 au 10, ni kumweka mtoto wa mtu mwingine mbele ya hatari. Kama anataka kijana wa Mtwara, mtajie Mdogo, lakini muulize kwanza Mdogo mwenyewe, na umpe nafasi ya kukataa bila kumnunia. Akikubali, hakikisheni leseni na vipimo vya daktari kwa utaratibu wa kamisheni inayosimamia ngumi za kulipwa nchini, mkataba uandikwe, na shilingi 600,000 ziwe zake zote. Akikataa, glavu jozi nne mtazitafuta kwa njia nyingine. Anza na mwenye duka unayemfahamu, au wafanyakazi wa bandarini wanaokuja kuwatazama vijana jioni.

Limebaki moja. Hukunieleza kilichotokea Masasi mwaka 2009 na mimi sikuulizi. Lakini uliandika kwamba mwalimu wako aliiua huruma yako, na miaka hii yote baadaye bado huwezi kulitaja pambano moja. Hapo mwalimu wako hakuua kitu, alikuachia tu uibebe bila mtu wa kukusaidia. Kabla Mdogo hajapanda basi la Dar es Salaam, mkalishe chini ya ule mwembe jioni wenzake wakishaondoka, umsimulie Masasi yote, pamoja na uso wa yule mtu.